Kabla ya kuhamia kaskazini-mashariki mwa Marekani: wanyama utakaokutana nao mlangoni

Mtu anayejiandaa kwenda kusoma au kufanya kazi katika majimbo kama Connecticut, Massachusetts au New York huulizia baridi, nauli na kodi ya nyumba, lakini ni nadra kuulizia wanyama, pengine kwa sababu anatoka kwenye nchi za simba na tembo na haoni cha kumtisha huko. Dubu mweusi yupo, naye akifika makazini kwa kawaida huwa amefuata takataka. Anayestahili maandalizi zaidi ni kupe.

Kupe wa kulungu, ambaye kabla ya kukomaa huwa mdogo kuliko punje ya ufuta, hueneza ugonjwa wa Lyme, uliopewa jina la mji wa Connecticut ambako wagonjwa wengi waligunduliwa katika miaka ya 1970. Wanaotoka Dodoma na kwingineko kwenye homa ya papasi hawatashangaa sana, kwa kuwa bakteria wa magonjwa haya mawili ni wa jamii moja. Papasi, hata hivyo, hutoka usiku kwenye nyufa za sakafu ya udongo, hufyonza damu kwa muda mfupi na kurudi mafichoni, ilhali kupe huyu hungoja kwenye nyasi ndefu au majani makavu, humdandia mpita njia na kung'ang'ania ngozini kwa siku kadhaa. Afadhali hivyo, kwa sababu mara nyingi huhitaji zaidi ya saa 24 ngozini kabla ya kuambukiza, na anayejikagua kila jioni humwahi.

Kwa hiyo, weka kwenye sanduku kibanio chembamba cha kung'olea nyusi. Ukirudi kutoka bustanini au msituni, kagua nyuma ya magoti, kwapani, kwenye kinena, nyuma ya masikio na kwenye mistari ya nywele zilizosukwa, kisha ukimkuta kupe mbane karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumsokota, usafishe mahali hapo na uandike tarehe. Kumpaka mafuta au kumchoma kwa kiberiti hakusaidii.

Maelezo mengi ya ugonjwa huu huonyesha duara jekundu kwenye ngozi nyeupe. Kwenye ngozi nyeusi alama hiyo, ambayo hutokea kati ya siku 3 na 30 baada ya kuumwa, inaweza kufanana na mvilio wa damu au isionekane vizuri, na si kila mgonjwa huipata. Ukipata homa na uchovu katika kipindi hicho, mwambie daktari kwamba uliumwa na kupe, bila kusubiri akuulize. Ugonjwa ukiwahiwa hutibika kwa dawa za antibaiotiki.

Kichaa cha mbwa nacho kina sura nyingine huko. Kwetu tunamwogopa mbwa, ambaye huko huchanjwa kwa sheria katika majimbo mengi, kwa hiyo wa kuepukwa zaidi ni popo, mbweha na rakuni, mnyama mdogo wa porini mwenye alama nyeusi usoni kama barakoa. Meno ya popo ni madogo kiasi kwamba aliyelala anaweza kuumwa asijue. Ukiamka na kumkuta popo chumbani, piga simu idara ya afya siku hiyohiyo, wala usimfukuze kabla ya kupata ushauri, kwani huenda akahitajika kwa vipimo. Tiba ya kujikinga baada ya kuumwa ni ghali sana Marekani, hivyo hakikisha kabla ya kusafiri kwamba bima yako ya afya inaigharamia.

Atakayeendesha gari aulize pia kuhusu bima ya gari, kwa sababu ile ya kulipa madhara ya watu wengine pekee haitengenezi gari lako likigongana na kulungu. Ajali hizo huongezeka kati ya Oktoba na Desemba, msimu wa kupandana, hasa alfajiri na magharibi. Akivuka mmoja, tegemea wa pili nyuma yake, na ikibidi funga breki kwa nguvu ukibaki kwenye njia yako, maana wengi huumia kwa kumkwepa na kugonga mti.

Yaliyobaki ni madogo. Pipa la taka litolewe asubuhi ya siku ya kuzolewa, si usiku, kwa kuwa rakuni ana vidole vyepesi vya kufungua mifuniko, na bata bukini wenye vifaranga wapishwe njia kwa mbali.