Mpunga mwitu: kazi yake ni ya kiangazi

Mkulima mwenzangu wa bondeni, kabla hujashika panga kufyeka yale majani marefu yaliyoota kwenye jaruba lako, ng'oa shina moja taratibu uangalie kilicho chini. Mpunga wa kupanda una mizizi laini iliyojikusanya kama ndevu, basi. Ukikuta kamba nene nyeupe yenye pingili, imetambaa udongoni mpaka kwenye shina la jirani, huo ni mpunga mwitu. Wataalamu wanauita Oryza longistaminata. Pingili moja yenye jicho, ikibaki kwenye udongo wenye unyevu, inatosha kuotesha mmea mpya.

Katika mabonde ya Dar es Salaam wengi huugundua wakiwa wamechelewa, maana ukiwa mchanga unafanana kabisa na mpunga. Hujitambulisha ukishachanua. Unaweza kufika mita 2, punje zake zina masharubu marefu, na zikikomaa hupukutika kabla hujafika na mundu. Jaruba linabaki na mbegu juu na pingili chini, na msimu ujao linaota bila kupandwa.

Kosa ninalolikuta mara nyingi ni kulima tope. Mvua za masika zinaanza, watu wanakimbilia kuvuruga jaruba, jembe linakata kamba moja vipande kumi na kila kipande kinapata maji ya kuotea. Mama mmoja mkulima aliwahi kunionyesha jaruba lake akiwa amekata tamaa: amepalilia mara tatu, na kila akipalilia yanazidi. Hakuwa mvivu hata kidogo. Jembe lake lilikuwa linapanda magugu.

Kazi ifanyike kiangazi. Ukishavuna mpunga wa masika, maji yakakauka, kati ya Julai na Septemba, lima udongo mkavu kwa kina na upindue mabonge makubwa juani. Usiyaponde. Yaache yakauke mpaka pingili zisinyae, kisha pita na reki au uma, uzikusanye na kuzitoa nje ya jaruba. Usizirundike kwenye kingo, kwa sababu mvua ya vuli itazirudisha shambani. Zikikauka kabisa, zichome mbali na nyasi. Baada ya wiki mbili tatu rudi uangalie machipukizi, uyachimbe na kamba yake yote. Ni kazi ya mgongo, na kwa shamba lililoshambuliwa sana msimu mmoja hautoshi.

Ukikodi trekta au pawatila, ikaguliwe kabla haijaingia kwako. Udongo ulioganda kwenye majembe yake umebeba pingili za shamba ilikotoka. Dai ioshwe, hata kama dereva ana haraka.

Mbegu nayo inunuliwe ikiwa imethibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha mbegu, kwa mfano aina ya SARO 5, ambayo ni fupi kiasi kwamba mpunga mwitu ukiinuka juu yake unaonekana kwa mbali. Otesha kitaluni, kisha pandikiza kwa mistari, sentimita 20 kwa 20. Chochote kinachoota nje ya mstari ni cha kung'olewa, hata kama kinafanana na mpunga. Ukimwaga mbegu kwa mkono hutaweza kutofautisha.

Kwa mwenye maji ya kuyatawala ipo njia nyingine: kata mashina chini ya usawa wa maji, na maji yaendelee kuvifunika visiki kwa wiki kadhaa. Sehemu za chini hupumua kupitia shina, kwa hiyo kisiki kilichozama hukosa hewa na kuoza. Mabonde yetu mengi yanategemea mvua, kwa hiyo si kila mtu ataiweza.

Kuhusu dawa za kuua magugu, usipoteze pesa kwa 2,4-D. Inaua magugu ya majani mapana na ndago. Jamii ya nyasi, ambamo mpunga mwitu umo, haiigusi. Dawa ya glaifoseti husafiri mpaka kwenye pingili, lakini huua mpunga pia, hivyo hupigwa kabla ya kupanda, kwenye machipukizi yenye majani mabichi, siku isiyo na mvua. Tumia iliyosajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na usipige karibu na mto au kisima. Sheria ya mazingira ya 2004 inalinda mita 60 za kingo, na maji hayohayo ndiyo majirani zako wanamwagilia mchicha.

Mpunga mwitu ulioota kwenye kinamasi chenyewe uache. Ni mmea wa asili wa Afrika, na ndiko ilikotoka Xa21, jeni (chembe ya urithi) inayoupa mpunga kinga dhidi ya ugonjwa wa baka bakteria.

Jaruba lililozidiwa kabisa lipumzishe mpunga. Inua matuta upande matembele kiangazi, soko lake mjini halilali, na kila unapovunja tuta chambua pingili zote.