Maji magumu ya bomba: kuyapima, kung'oa ukoko na kuokoa sabuni

Aliyezoea maji ya Ziwa Victoria yanayofika Kampala, Entebbe na Jinja hushtuka akihamia mtaa ambao bomba lake linalishwa na kisima kirefu. Mche wa sabuni unaisha upesi, kanzu nyeupe inafifia, birika linaota ukoko mweupe wa chokaa. Maji ya ziwa ni laini. Ya kisima yamepita mwambani yakiyeyusha kalsiamu na magnesiamu, hasa penye mawe ya chokaa kama Tororo na Hima. Madini hayo ndiyo yanayoyafanya maji kuwa magumu. Kwa ugumu wenyewe hakuna hofu ya afya. Hasara iko kwenye sabuni, makaa na yuniti za Yaka, yaani umeme wa kulipia kabla.

Hatua ya 1: Pima kabla hujanunua dawa

Kwaruza kijiko kimoja cha sabuni ya mche, uiyeyushe katika kikombe cha maji ya mvua yaliyopashwa moto. Usitumie sabuni ya unga: imetengenezwa itoe povu hata kwenye maji magumu, itakudanganya.

Chukua chupa mbili za nusu lita. Moja tia kikombe cha maji ya bomba, nyingine kikombe cha maji ya mvua. Ongeza maji ya sabuni kijiko kimoja cha chai kwa wakati, funga, tikisa, na uhesabu vijiko hadi povu likae dakika mbili bila kuzama. Maji magumu yatakula vijiko vingi na kuacha mabonge kama ya maziwa yaliyoganda.

Kisha chemsha maji ya bomba dakika kumi, yaache yapoe na kutulia, uyapime tena. Vijiko vikipungua sana, una ugumu wa muda, ule unaotoka kwa kuchemsha. Visipopungua, kuchemsha hakutausaidia ugumu huo hata kidogo. Ruka moja kwa moja hadi hatua ya 4.

Maabara ikikupa namba, soma hivi: chini ya miligramu 60 kwa lita ni laini, zaidi ya 120 ni magumu, zaidi ya 180 ni magumu sana. Madoa ya rangi ya kutu kwenye sinki ni chuma, si ugumu, na yanataka tiba nyingine.

Hatua ya 2: Birika na sufuria

Ukoko huzuia joto kupita. Waya wa kupasha joto ndani ya birika la umeme hupata moto kupita kiasi hadi unaungua, na sufuria juu ya sigiri inakula makaa bure.

Yeyusha vijiko 2 vya chakula vya asidi ya sitriki, kama gramu 30, katika lita moja ya maji ya uvuguvugu. Siki nyeupe nayo inafaa, nusu siki nusu maji. Chomoa birika kwenye umeme, mimina hadi ukoko wote ufunikwe, subiri dakika 30 hadi 60. Mapovu madogo ni dalili kwamba chokaa inayeyuka. Yakikoma na ukoko bado upo, asidi imechoka: mwaga, weka mpya. Mwisho suuza, chemsha maji safi mara moja, uyamwage.

Wengi huharibu kwa kuchemsha asidi ya sitriki ili ifanye haraka. Joto kali huzalisha chumvi nyingine nyeupe ambayo inanata na ni ngumu kuitoa. Kosa la pili ni kukwaruza kwa kisu. Ukoko mpya hushika kwanza palipochubuka. Sufuria ya alumini usiiache na asidi usiku kucha, itatoboka vitobo vidogo.

Hatua ya 3: Bafu na mabomba

Kichwa cha bafu kifunge ndani ya mfuko wa plastiki wenye siki kwa saa moja, kisha sugua matundu kwa mswaki mkuukuu. Bafu la umeme lizimwe kwanza kwenye swichi kuu. Chujio dogo la mdomo wa bomba lifungue kwa mkono, uliloweke vivyo hivyo. Siki isidondokee sakafu ya terazo, itaila.

Na hili tunalisisitiza: siki au asidi yoyote isikutane na Jik, dawa ya klorini ya kung'arisha nguo. Hutoka gesi ya klorini, nayo inaua.

Hatua ya 4: Kufua

Magadi ya kufulia ya chembechembe, kijiko 1 cha chakula kwa jerikani ya lita 20, yanatosha maji yenye ugumu wa miligramu kama 250. Yatie kwanza, koroga, ngoja dakika kumi, ndipo ulete sabuni. Ukianza na sabuni, kalsiamu inaikamata, na mabonge yanabaki ndani ya uzi. Ndiyo yanayoifanya kanzu kuwa ya kijivu. Magadi hayafai kwa gomesi (vazi refu la kike) ya hariri, sweta za sufu wala beseni la alumini. Soda ya kuokea mikate haiwezi kazi hii.

Hatua ya 5: Gawa maji kwa kazi

Hapa ndipo penye nafuu kubwa kuliko zote. Milimita 10 za mvua juu ya bati la mita 30 za mraba ni karibu lita 300, na Uganda ya kusini ina misimu miwili, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba. Acha dakika za mwanzo zioshe bati, kisha elekeza mfereji kwenye tangi. Maji hayo yaweke kwa chai, kwa sabuni, na kwa kuloweka na kupika maharagwe, kwa kuwa kalsiamu ya maji magumu hukaza ganda na kurefusha mapishi. Ya kunywa bado yachemshwe. Ya kisima yabaki kwa kudeki, choo na bustani.

Chujio za mkaa na za udongo hazipunguzi ugumu. Unaopunguza ni mtambo wa chembe za rezini, aina ya plastiki inayonasa kalsiamu na magnesiamu, unaooshwa kwa maji ya chumvi, na gharama yake inabebeka zaidi pale wapangaji wa ploti nzima wanapochangia tangi moja.