Jinsi ya kulisoma kanisa la kale la kijijini Uingereza

Watu wengi wakifika kwenye haya makanisa ya zamani ya vijijini Uingereza wanaingia ndani moja kwa moja, picha mbili za altare, wameondoka. Anzia nje bana. Lizunguke lote kwanza, na usiulize limejengwa mwaka gani maana mengi hayana mwaka mmoja, babu kajenga chumba, mjukuu kavunja ukuta kaongeza mnara, ndo yalivyo.

Altare huwa mashariki, kwa hiyo kama msikiti na kibla tu, ukishajua hilo hupotei. Mlango wa kuingilia mara nyingi uko kusini. Hapo hapo angalia mawe ya ukuta, ukikuta kitobo kina mistari imekwaruzwa chini yake kama miale, hiyo ni saa, walikuwa wanachomeka kijiti afu kivuli kinawaambia muda wa misa umefika.

Sasa matao. La mviringo, zito zito, mara nyingi ni la Wanormani, wale watu wa kaskazini mwa Ufaransa walioiteka Uingereza 1066. Lenye ncha juu ni kuanzia mwishoni mwa karne ya 12 kuja huku. Dirisha jembamba refu lenye ncha, karne ya 13. Pana lenye nguzo nyembamba za mawe zilizonyooka wima mpaka juu, baada ya 1350 hivi. Ukiyakuta yote kwenye ukuta mmoja usishangae.

Ukitaka darasa zuri nenda kanisa la Kilpeck, Herefordshire, karibu na mpaka wa Wales. Lilijengwa kama 1140 kwa mawe mekundu na halijachezewa sana, ndo uzuri wake, ukilijua hili Wanormani umewamaliza. Pale mlango wa kusini simama hata dakika 20: majoka, nyoka, wapiganaji wamevaa suruali wamenaswa kwenye matawi, na juu mti wa uzima. Afu inua macho chini ya paa, kuna vinyago vya mawe zaidi ya 80 vimezunguka jengo lote, kuna mbwa na sungura wamekaa pamoja utadhani katuni, na kuna mwanamke uchi kajipanua bila aibu, kanisani jamani! Wasomi wanabishana mpaka leo, wengine wanasema alikuwa onyo la zinaa, wengine kinga ya mabaya. Mimi onyo siamini, kwa sura ile anacheka.

Ndani, kumbuka sehemu ya altare ilikuwa mzigo wa padri na sehemu ya waumini ilikuwa juu ya wanakijiji, ndo maana pengine upande mmoja ni wa kifahari mwingine wa kawaida tu. Kuta nyeupe zisikudanganye, zilikuwa na picha za rangi, chokaa ilipakwa baada ya Waprotestanti kushika usukani, hasa kuanzia 1547. Chungulia kwenye kona, pengine utaona wekundu wa rangi ya zamani unatokeza.

Na ukikuta kijingazi ndani ya ukuta kinapanda afu kinaishia hewani, kilikuwa kinaenda kwenye jukwaa la mbao chini ya msalaba mkubwa, jukwaa likabomolewa ngazi ikabaki. Usipande, ni nyembamba na mawe yamelika.