Kubishana Kuhusu Mpira wa Vikapu Msimu Ukiisha

Kabla hujaketi kibandani Kondele, hapa Kisumu, kubishana nani bora kati ya Michael Jordan na LeBron James, nyota wa NBA, ligi ya mpira wa vikapu ya Marekani, kubalianeni kwanza mnapima nini, kwa sababu anayehesabu mataji atamtaja Jordan, aliyeshinda fainali zote 6 alizocheza na Chicago Bulls, ilhali anayehesabu pointi atamtaja LeBron, aliyempita Kareem Abdul-Jabbar kwa jumla ya pointi mwaka 2023. Mataji pekee hayatoshi: Bill Russell, mchezaji wa zamani wa Boston Celtics, ana 11, na inaniuma kwamba wengi humsahau. Kwa upande wa timu, Celtics walifikisha 18 mwaka 2024. Los Angeles Lakers wanapotajiwa 17, kumbuka kwamba 5 waliyatwaa wakiwa bado katika mji wa Minneapolis. Ziandike hesabu hizo daftarini, na mwenzako akitoa dai, mwache amalize kabla hujafungua ukurasa.