Kuzunguka vilima vya Toscana kwa baiskeli: panga kwa mita za kupanda, siyo kilomita

Kabla hujanunua hata tiketi, shika hili kwanza: huku Toscana, Italia, safari haipangwi kwa kilomita, inapangwa kwa mita za kupanda. Mtu aliyezoea kupiga kilomita 100 kwa siku kule Uholanzi, au anayetoka Dar mpaka Bagamoyo na kurudi wikiendi, akiangalia ramani akaona mji wa Siena mpaka kijiji cha Radda haifiki hata kilomita 40 anasema ah hiyo nusu siku tu, halafu saa nane mchana bado yuko njiani maji yameisha na mapaja yanawaka moto. Vilima vya huku siyo virefu, shida yake haviishi. Unapanda mita 80, unashuka mita 70, unapanda 120, unashuka tena, na kila ukishuka ujue ulichopanda umekirudisha chote.

Kwa hiyo ukichora njia kwenye Komoot au programu yoyote, angalia jumla ya mpando. Mimi nikiwa na mabegi kwenye keria napanda kama mita 400 kwa saa na hapo nimejitahidi, siku yenye mita 1,000 naihesabia saa mbili na nusu za kupanda peke yake, bado tambarare, bado kula, bado kusimama kupiga picha (na utasimama sana). Mita 800 mpaka 1,000 kwa siku zinatosha kabisa kwa mtu anayetaka kufika jioni bado ana hamu ya kutembea mjini.

Sasa baiskeli. Ishu kubwa ni gia. Hesabu meno ya sproketi ndogo ya mbele na ile kubwa kabisa ya nyuma, ya mbele isizidi ya nyuma, na ikiwa pungufu ndo vizuri zaidi, mfano 30 mbele na 36 nyuma. Meno yakiwa sawa kwa sawa ukazungusha pedeli mara 60 kwa dakika unaenda kama kilomita 7.5 kwa saa, na kwenye mpando wa asilimia 12 ukiwa na mzigo hiyo spidi bado ni kubwa, utajikuta unasimama kwenye pedeli na magoti yanalalamika siku ya pili tu. Baiskeli ya resi yenye gia ngumu iache nyumbani. Tairi weka upana wa milimita 35 hadi 40, usijaze upepo ikawa ngumu kama jiwe, na breki zikague kabla ya safari halafu beba pedi za akiba, maana mteremko wa changarawe ukiwa na mzigo unazila haraka.

Changarawe nasema kwa sababu raha yote ya huku iko kwenye strade bianche, yaani barabara nyeupe. Sisi tuliokulia kwenye barabara za moramu tunazielewa haraka kuliko wengi, ni kokoto na vumbi, ila vumbi lake ni jeupe kama unga wa muhogo na linaingia kwenye cheni balaa, kila jioni futa cheni na kitambaa kikavu, weka tone la oili kila pingili, futa tena. Kuna sehemu zina vijituta vidogo vidogo vya kufuatana kama rasta, hapo nyanyua makalio kidogo kwenye siti, legeza mikono, iache baiskeli icheze chini yako. Ukiikaba usukani ndo unaanguka.

Barabara hizi zilikuwa zinaelekea kupigwa lami zote. Mwaka 1997 Giancarlo Brocci akaanzisha L'Eroica pale Gaiole in Chianti, watu wanaendesha baiskeli za zamani kwenye njia hizo ili zithaminiwe na zisifukiwe. Mbio za mapro za Strade Bianche zikafuata 2007, zinaishia Piazza del Campo, Siena. Leo njia ya L'Eroica ina vibao vya kudumu, ni mzunguko wa kilomita 209, uko wazi mwaka mzima. Mimi siifuati yote, nachukua vipande vyake na kumalizia bonde la Val d'Orcia, siku nne bila kujiua.

Kufika: kutoka Firenze panda treni ya mkoa mpaka Siena, kama saa moja na nusu. Treni za mkoa zenye alama ya baiskeli zinakubali baiskeli nzima, unaikatia tiketi yake pembeni, euro chache tu. Zile za kasi hazikubali mpaka uifungue uiweke kwenye begi, kwa hiyo zisahau.

Siku ya kwanza Siena, Vagliagli, Radda. Misitu, mizabibu, kona nyingi. Siku ya pili ndo ndefu, Radda unapita Gaiole, ngome ya Brolio, Castelnuovo Berardenga, halafu unaingia kipande cha Monte Sante Marie mpaka Asciano, kama kilomita 60 jumla. Hiki kipande ni kilomita 11.5 za changarawe na kwenye mbio za Strade Bianche kimepewa jina la Fabian Cancellara, mwendesha baiskeli wa Uswisi aliyezishinda mara tatu. Hapa misitu inaisha ghafla, unabaki na vilima vya udongo wa kijivu vilivyo wazi mpaka mwisho wa macho, mti mmoja mmoja, hakuna duka, hakuna bomba, hakuna kivuli. Kuna mahali unashuka mpaka bondeni, kona, halafu ukuta unasimama mbele yako, tairi ya nyuma inateleza ukisimama kwenye pedeli, kaa kwenye siti, inama mbele kidogo, zungusha polepole. Ukishindwa shuka usukume, hakuna aibu. Jaza maji lita tatu Castelnuovo. Na usitegemee vibao peke yake, hapa tunapita kinyume na mwelekeo wa L'Eroica, kuwa na ramani kwenye simu iliyodaunlodiwa kabisa. Mvua ikiwa imenyesha achana na hiki kipande, ule udongo unanata unajaza magurudumu mpaka hayazunguki, fuata lami.

Siku ya tatu Asciano, monasteri ya Monte Oliveto Maggiore (ingia ukaone michoro ya ukutani ya wachoraji Signorelli na Sodoma), unashuka Buonconvento, kunywa kahawa, kula kitu, kwa sababu Montalcino inakusubiri. Buonconvento iko kama mita 150 juu ya bahari, Montalcino iko zaidi ya 560, kilomita kama 14 tu katikati, na ule mji unauona kule juu muda mrefu kabla hujaufikia. Siku ya nne San Quirico, Pienza, Montepulciano, unateremkia stesheni ya Chiusi.

Barabara ya Cassia, SR2, ikwepe unapoweza, malori mengi. Ukiendesha usiku nje ya mji au ukipita kwenye handaki sheria ya Italia inataka uvae fulana ya kung'aa, na taa uwe nazo.

Muda mzuri ni Aprili mpaka Juni, au Septemba na Oktoba. Julai na Agosti joto linapita digrii 35 na kivuli hakuna, ukilazimika basi anza saa kumi na mbili asubuhi.

Chakula kina ratiba. Maduka ya vijijini yanafunga mchana kama saa saba mpaka saa kumi, nunua mkate na jibini asubuhi. Jikoni za mgahawa nyingi hazifunguki usiku kabla ya saa moja au moja na nusu. Kwa wasiokula nguruwe sema "senza maiale", maana prosciutto na salami ziko kila kona, ila tambi nene za pici all'aglione ni nyanya na kitunguu saumu, zinashibisha vizuri mno. Kwenye bomba la kijiji lililoandikwa "acqua non potabile", yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe.

Mbwa wa kondoo, wale weupe wakubwa, wapo kwenye malisho ya upande wa Asciano. Usikimbie kwa baiskeli. Shuka, iweke baiskeli katikati yako na yeye, ongea taratibu, tembea mpaka utoke kwenye eneo la kondoo wake.

Chiusi ukifika tafuta treni ya mkoa, iko ya kwenda Firenze na ya kwenda Roma, angalia ubaoni ile alama ya baiskeli, na uwahi, maana nafasi za baiskeli ni chache na Jumapili jioni mnakuwa wengi.