Kupanda majabali ukishavuka miaka sitini: mwongozo kwa wazee wa Tabora

Anayepita Tabora kwa treni huondoka akisema mkoa mzima ni tambarare. Toka nje ya mji kidogo, na zaidi ukielekea Nzega na Igunga, utakutana na vilima vya mawe ya graniti. Mengine yamelala kama mgongo wa tembo, mengine yamebebana. Hayo yaliyobebana waachie pimbi. Migongo iliyolala ndiyo ya mtu wa miaka sitini, sabini na kuendelea, kwa sababu hupandwa kwa nyayo kuliko mikono, na mtu akishajua kukanyaga, umri unamsumbua kidogo. Marcel Remy wa Uswisi alipanda ukuta wa Miroir de l'Argentine mwaka 2017 akiwa na miaka 94, pamoja na wanawe. Alikuwa amepanda maisha yake yote, kwa hiyo usimwige wiki ya kwanza.

Anza zahanati au hospitali ya Kitete kabla ya kuanza jabali. Pima presha. Namba ya juu ikifika 180 au ya chini ikifika 110, hakuna kupanda mpaka itulizwe. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda, kama warfarin, amweleze daktari waziwazi anachotaka kufanya, maana kujigonga kichwa kidogo tu kunaweza kumletea damu kuvujia ndani. Anayetumia atenolol, propranolol au dawa za jamii hiyo asijipime kwa kuhesabu mapigo ya moyo, kwa kuwa dawa huyazuia yasipande. Ajipime kwa maneno: akishindwa kumaliza sentensi moja bila kukata pumzi, asimame. Dawa za kukojoza nazo hukausha mwili haraka, hasa joto la Oktoba. Mwenye kisukari akague nyayo kabla na baada, avae viatu visivyobana, na awe na kitu kitamu mfukoni. Asali mnayo.

Akina mama waliokwisha koma hedhi muda mrefu, na wazee wa kiume waliowahi kuvunjika mfupa kwa kuanguka kidogo, waweke sharti moja: hakuna kuruka chini, hata kama ni nusu mita. Nyonga haijali ulikuwa juu kiasi gani.

Kisha jipe wiki nane nyumbani. Kaa kwenye kiti, simama bila kushika popote, mara 10, pumzika, rudia mpaka iwe mizunguko mitatu. Panda kidato cha sentimita 20 hivi, kisha ushuke ukihesabu mpaka nne kabla mguu haujagusa chini. Hapo kwenye kushuka polepole ndipo goti linapojengwa, wala si kwenye kupanda. Simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta kwa sekunde 10. Ukishindwa, bado hujafika kwenye jabali, endelea na kidato. Kwa vidole, kamua tambara lililolowa mpaka likauke, mara tano kila mkono. Msijitundike kwenye kenchi wala kwenye tawi la mwembe. Misuli huzoea kazi ndani ya wiki chache, ila kano za vidole na bega huhitaji miezi, na za mzee huhitaji zaidi. Fanyeni siku tatu kwa wiki, na katikati mpumzike.

Viatu na miwani

Viatu maalumu vya kupandia havipatikani madukani kwetu. Kwa jabali lililolala, raba ya soli bapa, laini, iliyoshika mguu vizuri inatosha. Bonyeza soli kwa ukucha. Ikibonyea kidogo, chukua, lakini ikiwa ngumu kama plastiki, iache hata kama ni mpya. Raba iliyokaa miaka kwenye kabati nayo hukauka na kuteleza. Makatambuga hayafai, kwani mpira wa tairi ni mgumu na mguu huchezea ndani. Beba kitambaa, na kabla ya kukanyaga jiwe futa soli mpaka vumbi jekundu liishe. Wengi hulaumu jiwe kumbe wamebeba vumbi la njiani.

Miwani ndiyo hatari isiyosemwa. Ile yenye sehemu mbili, ya kusomea ikiwa chini, humfanya mtu aone mguu wake kupitia kioo cha kusomea. Jiwe linaonekana limeyumba na limesogea, mguu unatua pembeni. Panda na miwani ya kuonea mbali peke yake, uifunge kwa uzi nyuma ya kichwa. Ya kusomea iwe mfukoni kwa ajili ya kukagua fundo la kamba. Mwenye mtoto wa jicho ambaye hajatibiwa hataona kivuli kidogo kinachoonyesha kishimo, kwa hiyo atibiwe jicho kwanza.

Kukanyaga

Chagua jabali ambalo ukisimama wima juu yake bila kushika unatulia. Siku za mwanzo nyayo zako zisipite usawa wa kiuno cha mtu aliyesimama chini. Zunguka nalo: mita kumi kushoto, mita kumi kulia, bila kupanda juu. Hapo utajifunza zaidi kuliko kilele kitakavyokufundisha.

Shusha kisigino. Mtu akiogopa hunyanyua kisigino na kusimama kwa vidole, mguu unaanza kutetemeka kama cherehani, na soli inabaki na eneo dogo la kushika. Kisigino kikishuka, nusu nzima ya mbele ya soli hulala juu ya jiwe. Kosa la pili ni kulikumbatia jabali. Ukilala kifudifudi, uzito wako unasukuma miguu itoke nje badala ya kuikandamiza chini. Toa makalio nje kidogo, uone vidole vyako vya miguu. Hatua ziwe fupi, mguu usipande juu ya goti la mguu mwingine. Hatua ndefu humlazimisha mtu kujivuta kwa mikono, na bega la mzee huchanika hapo.

Mikono isukume chini kwa viganja, kama mtu anayenyanyuka mkekani. Pakitakiwa kushika ukingo, shika kwa vidole vilivyonyooka kiasi, visikunjwe vikali mpaka kidole gumba kipande juu yake. Sogeza kiungo kimoja tu, vitatu vikiwa vimetulia. Na pumua! Anayebana pumzi akijikaza hupandisha presha ghafla, na akiiachia anaweza kuona giza. Hesabu kwa sauti, imba, soma uradi wako, mradi pumzi itoke.

Kabla ya kuliamini jiwe, ligonge kwa kiganja. Graniti hujibandua tabaka kwa tabaka kama maganda ya kitunguu, kwa kuchomwa na jua mchana na kupoa usiku. Bamba lililobanduka hulia kama debe tupu, na zima hulia zito. Penye mlio wa debe pita mbali. Pita mbali pia na mistari meusi ambako maji ya mvua hushukia. Ikiwa mikavu inashika, ikilowa ni sabuni.

Kushuka

Sheria ni moja: usipande hatua ambayo hujaishuka. Panda hatua tatu, shuka tatu. Panda tano, shuka tano. Inachosha akili, lakini mtu anayefika juu kwanza ndipo afikirie kushuka hujikuta na magoti yaliyokwisha choka, macho yanayotazama chini, na hofu. Penye mteremko mdogo shuka umetazama mbele, magoti yamelegea, hatua fupi. Penye mteremko mkali geuka, tazama jiwe, tafuta kwa mguu. Kuna njia ya tatu ambayo vijana huicheka: kukaa na kusogea kwa makalio. Itumieni, suruali hununuliwa.

Kamba

Zaidi ya urefu wa kiuno, kamba iwepo, na awepo mtu aliyefundishwa kazi hiyo ana kwa ana. Maandishi haya hayatoshi kumfanya mtu awe mshika kamba. Tunaeleza ili mzee ajue cha kukagua.

Kamba ya katani, ya manila au ya nailoni ya duka la vifaa vya ujenzi haipandiwi. Haijatengenezwa kupokea mtu anayeanguka. Kamba ya kupandia huandikwa EN 892, yaani kiwango cha Ulaya cha kamba za kupandia, unene wa milimita 10 hivi unashikika vizuri mikononi, na kwa jabali la mita 10 unahitaji mita 30: kumi kwenda, kumi kurudi, na akiba ya mafundo. Inapita juu na kurudi, ili mzee avutwe kutoka juu muda wote. Kamba hiyo huvutika. Kiwango kinaruhusu mpaka asilimia 10 kwa uzito wa kilo 80. Ikiwa kuna mita 20 za kamba kati ya mpandaji na mshika kamba, kuvutika kwa asilimia 8 tu ni zaidi ya mita moja na nusu. Ndiyo maana mtu anaweza kuanguka akiwa mita moja kutoka chini na kugusa ardhi ingawa kafungwa. Mita mbili za mwanzo kamba iwe imekazwa kabisa.

Juu ifungwe kwenye vitu viwili visivyotegemeana. Mara nyingi kwetu ni miti, na hapa kuna mtego. Mwishoni mwa kiangazi mninga na mtundu hupukutisha majani, na mti mzima hufanana na mfu. Kwangua gome kwa kisu: chini kukiwa kibichi, mti uko hai. Halafu gonga shina karibu na ardhi, maana mchwa hula ndani na kuacha gome likiwa zuri. Unene usipungue sentimita 20, na mizizi iwe kwenye udongo, si kwenye ufa wa jiwe. Kamba inapopita ukingoni weka gunia lililokunjwa, kwa kuwa graniti hukwangua kama tupa.

Fundo la kujifungia kiunoni ni lile lenye umbo la tarakimu 8, ambalo ncha ya kamba hurudishwa kulifuata tena. Vaa miwani ya kusomea, uhesabu jozi tano za kamba zinazolala sambamba, na mkia uliobaki usipungue sentimita 10. Mwenye baridi yabisi vidoleni asione haya kumwomba mwingine amfungie, ila hesabu afanye mwenyewe. Helmeti iwe na mkanda wa kidevuni. Kofia ya mafundi ujenzi isiyo na mkanda hutangulia kuanguka.

Nyuki, nyoka na mwenye mahali

Tabora ni nchi ya asali, na nyuki hawakai mizingani tu. Kaa mbali na jabali kwa dakika kumi, utazame nyufa huku jua likiwa nyuma yako. Ukiona msururu unaoingia na kutoka, au alama za nta zilizochuruzika, tafuta jiwe lingine. Usijipake manukato. Wakishambulia ukiwa kwenye kamba, mshika kamba akushushe bila kusita, funika uso kwa shati, mwondoke mbali. Miiba ikwanguliwe upesi iwezekanavyo. Mikono isiingie kwenye ufa au ukingo usiouona. Tangulia na fimbo, kwa sababu penye pimbi na mijusi kuna nyoka anayewafuata.

Uliza kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji. Baadhi ya mawe ni mahali pa matambiko, na mengine yako ndani ya hifadhi za misitu zinazosimamiwa na TFS, Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Juni mpaka Agosti ndiyo miezi bora. Anza saa 12 na nusu asubuhi, tembea dakika 15 mpaka jasho jembamba litoke, panda, na saa 3 mwe mmekwisha shuka. Saa 5 jiwe huchoma kiganja na nyuki huchangamka. Beba lita mbili za maji kwa kila mtu, na mwachie mtu nyumbani jina la kilima.

Kesho yake jisikilize. Maumivu ya misuli ya mapaja na mashavu ya miguu, pande zote mbili sawa, ni ya kazi, na yataisha kwa siku mbili tatu. Maumivu ya upande mmoja, kwenye kiungo, yenye uvimbe au joto, ni jeraha. Kidole kikiuma ukikibonyeza upande wa kiganja, kipumzishe wiki mbili bila kushika ukingo wowote. Bega linalouma usiku unapolilalia lipelekwe kwa mtaalamu wa mazoezi tiba kabla halijagandamana.