Saa ya mkononi bado ina kazi? Jinsi ya kujua kama unaihitaji, kuichagua na kuitunza

Kila mtu ana simu na kila simu ina saa, kwa hiyo swali la "ya nini sasa hiyo mkononi" ni la haki kabisa. Ila jibu linategemea unaishi vipi na unafanya kazi gani, so kabla hujatoa hela yako jipime kwanza.

Kujipima ni rahisi. Chukua siku moja ya kazi, kila ukitaka kujua ni saa ngapi jiangalie unafanya nini. Umetoa simu mfukoni? Ukiwa wapi, kituoni kwenye msongamano au umekaa mahali pa usalama? Na ulivyoitoa, uliangalia saa ukairudisha, au ulikuta meseji, ukaingia wasapu, ukasoma magrupu mawili matatu, halafu ukairudisha mfukoni bila hata kujua ni saa ngapi? Mimi naona hapo ndo penye uzito, maana saa ya mkononi inajibu swali moja tu halafu inakuacha uendelee na shughuli zako. Kama siku nzima uko mbele ya kompyuta na muda unauona pale kwenye kona ya skrini, huna haja ya kununua, kweli kabisa. Lakini kama uko kwenye boda, unafundisha darasani, mikono ina unga au grisi, au unashukia vituo ambavyo ukitoa simu tu imekwapuliwa, basi saa itakusaidia kila siku.

Halafu kuna sehemu simu haiingii. Chumba cha mtihani ndo mfano mkubwa, na saa janja nayo usijaribu, mnunulie mwanafunzi ya mishale ya kawaida. Kama ni mtoto mdogo mfundishe hapohapo kuisoma: mshale mfupi ukiwa kwenye 7 asubuhi aangalie namba inayotazamana nayo, ni 1, basi ni saa moja. Ukiwa kwenye 2 mchana, inayotazamana nayo ni 8, saa nane. Anashika haraka sana. Na nesi anahesabu mapigo ya moyo kwa mshale wa sekunde, anahesabu kwa sekunde 30 anazidisha mara mbili, ila kwa kazi hiyo nunua ile ya kubana kifuani, maana ya mkononi inabeba uchafu na inazuia kunawa vizuri.

Sasa kuchagua. Ya betri au automatiki, ile inayojijaza kwa kutembeza mkono? Ya betri inafuata mtetemo wa kijiwe cha kwatzi, mara 32,768 kwa sekunde, ndo maana kwa mwezi mzima inapishana sekunde chache tu, wakati automatiki ya bei ya kawaida inaweza kupishana kiasi hicho kwa siku moja. Automatiki ni nzuri kwa anayependa mashine yenyewe. Kwa kujua muda tu, nunua ya betri.

Kwa anayeanza mimi namwambia aanze na Casio F-91W, ile nyeusi ya namba. Ipo tangu 1989, ina gramu kama 21 tu yaani unasahau umevaa, ina alamu, ina stopwachi, na betri yake kiwanda kinasema inakaa kama miaka 7. Taa yake hafifu, hilo ujue mapema. Feki ni nyingi kwa hiyo dukani bonyeza kile kitufe cha kulia ukishikilie kama sekunde tatu, kioo kinatakiwa kiandike jina la Casio. Isipoandika iache. Ikiandika bado geuza nyuma uangalie maandishi yamekaa sawa au yamefifiafifia, maana kuna feki zilizojifunza hata hiyo.

Maji yanawaumiza wengi. Saa imeandikwa mita 30 mtu anaingia nayo baharini, jioni kioo kina ukungu ndani. Hizo mita ni kipimo cha presha ya maabara, maji yametulia na saa imetulia. Mita 30 ni kunawa na manyunyu ya mvua, 50 unaweza ukaikosha bila wasiwasi, ya kuogelea anzia 100. Na popote isiwe umevuta kile kidude cha pembeni cha kuzungushia, kikiwa nje maji yanapita. Kwa Waislamu, ukitawadha ivue au isogeze maji yafike kwenye ngozi.

Mkanda, kama unaishi Dar, Tanga au Mombasa achana na ngozi kwa saa ya kila siku. Jasho linaingia, unanuka, unakatika. Raba au nailoni, unaosha kwa sabuni na mswaki laini. Ya cheni ikipwaya fundi saa anatoa vipande, mwambie akurudishie hivyo vipande, ni vyako, siku ukinenepa utavihitaji.

Kurekebisha iende sawa na simu: subiri mshale wa sekunde ufike 12, hapo vuta kidude, mshale usimame. Weka dakika moja mbele ya simu, halafu simu ikibadilisha tu dakika sukuma ndani. Yenye tarehe ina siri yake, usirukishe tarehe peke yake bila kuzungusha mishale, mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 3 kupitia 12, kwa sababu usiku meno ya tarehe yanakuwa yameshikana na unaweza kuyavunja. Peleka mshale kwenye 6 kwanza, weka tarehe ya jana, kisha zungusha mbele mpaka tarehe iruke kuwa ya leo. Hapo umevuka saa sita usiku, endelea mpaka muda wa sasa, na kama ni mchana utapita 12 mara nyingine.

Saa nyingi za betri mshale wa sekunde ukianza kuruka sekunde kadhaa kwa mpigo, betri inaisha, nenda kwa fundi. Saa ndogo nyingi zinatumia betri iliyoandikwa SR626SW, muombe hiyo ya silva badala ya LR626 ya alkalaini, ambayo ni rahisi lakini inaisha mapema na huvuja zaidi. Na saa iliyozima usiitupe kabatini na betri yake ndani miezi na miezi, itoe, maana ikivuja inakula mashine na hapo hata fundi mzuri hana la kufanya.